Mshono Uliouacha Wazi Juu ya Nyasi za Milia

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uliposema unajinyoosha kidogo halafu utarudi kumalizia mshono. Sindano uliiacha imezama ndani ya turubai, na chai yako Mama aliifunika kwa kisahani. Tulikungoja. Chai ikapoa, na wewe hukurudi.

Wengi walikujua kwa kazi. Malori mangapi yamepita barabara kuu yakiwa yamefunikwa kwa mkono wako, hata wewe hukujua. Mvua ikinyesha ulisimama mlangoni ukasema, kwa raha zako, kwamba mizigo ya watu iko salama, huku bati letu likidondosha maji juu ya kitanda na Mama akikutazama tu. Kinyozi hajinyoi.

Sisi wa nyumbani tulikujua kwa nyasi.

Ulizileta ndani ya kopo la rangi, shina moja tu, zawadi kutoka kwa muuza miche uliyemshonea turubai la lori lake. Kila jani lilikuwa na milia myeupe kutoka chini hadi ncha, imenyooka utadhani imepigwa kwa rula. Ulimkabidhi Mama kopo kwa mikono miwili, mbele yetu sote. Mama akakuambia kwamba wanawake wenzake huletewa maua, yeye kaletewa majani, na majani hata mtaroni yapo. Ulicheka, ukaenda zako kuchimba.

Shina lile ulilitunza mpaka likanenepa, ukaligawa kwa panga, ukapanda tena, ukagawa tena, hadi njia yote kutoka mlangoni mpaka getini ikawa na milia pande zote mbili. Jirani wa nyumba ya pili alidhani ni mchaichai. Alikata kishada, akakitia kwenye chai, na jioni akaja kulalamika kwamba mchaichai wenu hauna harufu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamng'olea shina akapande kwake, aone tofauti.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda karakana, ulivaa shati la mikono mirefu, maana majani yale hukata kama wembe, ukapita shina kwa shina. Kandambili zako zilisema pwata, shwaa, pwata, shwaa, kwa sababu mguu wa kushoto uliuburuta tangu siku ile ulipoanguka kutoka juu ya lori. Ulikuwa unayatafuta majani yaliyochipua bila mlia, ya kijani kitupu.

"Kijani ni mlafi," ulituambia. "Ukimwonea haya atawamaliza nduguze."

Na hukukata, uling'oa na kizizi chake. Ukimkata, ulisema, umemnyoa tu, kesho anarudi na ndevu.

Mama wakati huo alikuwa bado kitandani. Ametuambia kwamba tangu muoane hakuwahi kuhitaji saa. Aliamka kwa kandambili zako.

Lile turubai la mwisho lilikuwa la kwetu, hatimaye. Uliliunga kwa vipande vilivyobaki karakana, vya bluu na vya kijivu, ulitundike uani nyuma ya nyumba, Mama asifue nguo juani. Ulibakiza mshono mmoja. Ulipotutoka, watu walijaa mbele ya nyumba na jua lilikuwa kali, ikabidi fundi mwenzako, yule mkimya uliyempa jina la Kasuku kwa utani, alitundike hapo mbele vivyo hivyo lilivyo. Likafunika watu, likafunika njia, likafunika na nyasi.

Waombolezaji walipopungua, alfajiri moja tulikusikia.

Pwata, shwaa. Pwata, shwaa. Kila mmoja alikusikia chumbani kwake na hakuna aliyemwambia mwenzake. Dada Mkubwa alijifunika shuka gubigubi, mtu mzima mwenye watoto wake. Kaka, ambaye siku zote hujifanya haogopi kitu, alibanwa na haja na akabaki nayo mpaka kulipokucha. Kulipopambazuka tulitoka, tukaona. Ulikuwa ule mshono uliouacha wazi. Kijiupepo cha asubuhi kikiuingia, mdomo mmoja wa turubai ulipiga, wa pili ukaburuta. Tuliona kwa macho yetu, tukajua ni kitambaa, na kesho yake nywele zilitusimama vilevile.

Mama peke yake hakuogopa. Alikaa kitandani akisikiliza, miguu chini, mikono mapajani. Wakati mwingine alisema, kama anayetoa habari ya kawaida, "Baba yenu kafika getini." Kisha alikwenda jikoni, akachemsha chai, akaweka kikombe kimoja dirishani na kukifunika kwa kisahani. Jioni aliimwaga ile chai.

Turubai halikushushwa. Mara wageni bado wanakuja, mara mvua zi karibu, mara lina vumbi, likishushwa litachafua nyumba. Mvua zilipokuja kweli, maji yalipitia kwenye mshono, na Kasuku akafika na sindano yake auzibe. Mama alimpokonya sindano mkononi. Kasuku, si unamjua. Alikunywa maji, akaondoka.

Tukaishi hivyo, Baba, ndani ya kivuli chako. Sebule yote ilikuwa na mwanga wa bluu, nyuso zetu zikawa kama za watu waliotoka kulazwa. Taa tuliwasha mchana. Hakuna aliyesema lishushwe, kwa sababu sisi nasi, tukisema ukweli, tulikuwa tumeanza kukungoja kila alfajiri.

Kisha nyasi zikaanza kupoteza milia.

Kwanza mlia mweupe ulififia, ukawa mwembamba. Halafu yakazaliwa majani yasiyo na mlia kabisa, marefu, malegevu. Tuliyang'oa kama ulivyotufundisha, yakaja mengine. Tuliogopa kuliko tulivyoogopa zile kandambili. Tuliona unaondoka mara ya pili, taratibu, jani kwa jani, na safari hii mbele ya macho yetu.

Mama alidhani tunategea. Asubuhi moja akatoka mwenyewe. Tulimkuta amechuchumaa njiani, mkono uko hewani, hajui ang'oe lipi. Yote yalikuwa mamoja.

Kitindamimba wako ndiye aliyechukua jani akalipeleka kwa muuza miche. Mzee yule aliligeuzageuza, akauliza kama limekaa juani au kivulini. Alipojibiwa, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba ile sehemu nyeupe ni urembo, haipiki chakula; kijani ndicho kinachopika. Jua likiwa haba, nyasi huacha urembo zikatafuta kuishi. Zirudishiwe jua mapema, alisema, zikishakuwa kijani mpaka shinani hakuna wa kuzirudisha.

Kitindamimba alirudi akamkuta Mama anakunja nguo.

"Mama, kivuli ndicho kinachozimaliza nyasi za Baba. Tulishushe turubai."

Mama alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo. Lilikuwa lako.

"Mkilishusha," akasema, "nitamsikia wapi?"

 Binti yako alitoka akaja kutuambia. Mikono yako imetuachia vitu viwili, kimoja kinakiua kingine, na mwenye kuchagua ni yeye.

Hatukumsukuma. Alikula kidogo, alisema kidogo. Alfajiri alikusikiliza mpaka mwisho, upepo ukatulia, naye akabaki amekaa. Mwaka ulipokaribia kutimia, alitoka chumbani, macho yamevimba, akasema Kasuku aitwe.

"Baba yenu akisikia nimeziua nyasi zake kwa ajili ya kelele ya kitambaa," akasema, "atanicheka mbele za watu."

Kasuku alipanda ngazi, akafungua kamba moja baada ya nyingine. Turubai liliposhuka, jua lilitupiga tukafumba macho. Tulipoyafumbua, Baba, ilikuwa kijani. Kutoka mlangoni mpaka getini, pande zote mbili, kijani kitupu. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Dada Mkubwa alimshika kiuno.

Aliyeona ni Kasuku. Alikuwa anakunja turubai karibu na bomba la maji, akasimama, akaita, "Shemeji, njoo."

Pale kwenye bomba, katika ukanda mwembamba usiozidi upana wa mlango, nyasi zilikuwa na milia. Myeupe, iliyonyooka, kutoka chini hadi ncha. Tulitazama juu, na juu hapakuwa na kitu tena, lakini sote tulijua kilichokuwa pale.

"Jua lilipita alipoacha," alisema Kasuku. Kwake hiyo ni hotuba.

Mama alipiga magoti, akaingiza uso wake kwenye majani yale bila kujali yanavyokata, akakulilia vile ambavyo hakukulilia siku ya mazishi. Tulimwacha. Alipoinuka, Kasuku alimuuliza kwa kichwa kama auzibe ule mshono, sasa turubai likiwa chini.

"Uache wazi," Mama akasema.

Siku ile ile aliomba panga. Aliligawa shina la bombani mwenyewe, Kaka akachimba, Kitindamimba akamwagilia, na Dada Mkubwa akang'oa zile za kijani akizitukana. Jirani wa nyumba ya pili alileta lile shina ulilompa, nalo lina milia yake, limenona. Hatukufika getini. Tulifika nusu ya njia, na inatosha kuanzia.

Alfajiri iliyofuata ilikuwa kimya. Turubai lilikuwa limekunjwa ndani. Tulikuwa macho wote, kila mmoja kitandani kwake, tukisubiri kitu tulichojua hakiji. 

Kisha, njiani: pwata, shwaa. Pwata, shwaa.

Upepo haukuwepo. Dada Mkubwa ndiye aliyethubutu kusogeza pazia, na sisi wengine tukajazana nyuma yake.

Alikuwa Mama. Alikuwa amevaa shati lako la mikono mirefu na kandambili zako zinazompwaya, moja inaburuta. Alipita shina kwa shina. Kwenye shina la mwisho aliinama, akang'oa jani moja la kijani na kizizi chake, akaliinua kwenye mwanga.

"Ungerudi na ndevu wewe," akaliambia.

Kisha akasimama hapo, akageuza kichwa nyuma kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi amfikie. Alisimama muda. Alipoanza kutembea tena alitembea upande mmoja wa njia, na ule mwingine akauacha wazi.

Unakumbukwa na mkeo, aliyechelewa kuamka maisha yake yote na sasa anatutangulia. Na wanao, Dada Mkubwa, Kaka na Kitindamimba. Na wajukuu, waliokatazwa kukanyaga pembeni mwa njia. Na Kasuku, anayekaa karakana upande wake na kiti chako hakikalii. Muuza miche anakusalimu. Jirani naye, chai yake bado haina harufu.

Pumzika, Baba. Kila kukicha tunakukumbuka, na kukicha hakuishi.