Nilipokuwa Tayari Beni

Mujukuu wangu Kavira,

Koko Masika, bibi yako, anakusalimia. Maharage yetu yamekomaa. Unauliza kwa nini hifadhidata zenu mbili, kila moja ikishajibu "tayari", bado zinangoja amri ya mratibu kabla ya kuandika.

Nilikuwa mwandishi wa redio Beni, Koko Masika akiwa na mimba Butembo. Ili nihamie kwake, mwenzangu wa Butembo alipaswa kuchukua nafasi yangu. Chef, mukubwa wetu wa kazi, alituuliza kila mmoja kama yuko tayari. Nilijibu niko tayari, nikafunga begi, nikaendelea kusoma habari.

"Mais, lakini unangoja nini?" Masika aliuliza kwa simu.

"Mwenzangu hajajibu. Nikitoka naye akatae, Beni itabaki bila habari."

"Huyu mutoto hapana kungoja chef wako!"

Mwenzangu alikubali, ndipo chef akatuambia wote wawili: "Muende."

Nilipofika Butembo nilikuta mama yako amezaliwa asubuhi ile. Masika hakunigombeza. Alisogea kitandani, akaniwekea mutoto mikononi.

Koko yako Kambale