Mke Wangu Hali Mpaka Samaki Ale

Mshauri mpendwa,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Uliniuliza katika ukurasa huu kama maisha ya kustaafu yamenitulia, nami sikujibu kwa kuwa sikuwa na la kueleza. Leo ninalo, na ninaomba msaada.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Magomeni hapa Kilosa. Binti yetu Fabiola alipohamishiwa Dodoma alituachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi na samaki mmoja wa baharini aitwaye kitatange, bapa, wa manjano, mdogo kuliko kiganja, na mke wangu Hildegarda akampenda siku ile ile, akamwita Mgeni, akawa anamsalimu asubuhi kabla hajanisalimu mimi. Chakula alichotuachia Fabiola kilipokwisha nikampa samaki dagaa wakavu waliosagwa, kisha uduvi wa sokoni, kisha wali, mara tatu kwa siku kwa saa maalumu, nikigonga kioo kwa kijiko ili aje, na kusimama hapo mpaka amalize kama nilivyowasimamia wanafunzi wa bweni, lakini yeye hujificha nyuma ya jiwe, na leo ni siku ya sita hajaonja kitu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Hildegarda, tangu nimwoe, hajapata kutia tonge kinywani kabla ya kila aliyemo nyumbani kula, na sasa amemhesabu samaki miongoni mwetu. Ana ugonjwa wa sukari, anameza dawa kwa uji mwepesi tu, na sahani yake inapoa. Nilipomkaripia alijibu kwa upole, "Mwalimu, nitakulaje na Mgeni hajala?" Jumanne alitetemeka mikono, akakaa chini jikoni, nikajua sukari imemshuka, nikamnywesha chai yenye sukari, naye akauliza kama samaki ameshakula.

Cleopa wa Dar es Salaam, aliyemuuzia Fabiola samaki huyo, yuko tayari kumchukua Jumamosi. Nikimtoa nitamvunja moyo mke wangu. Nikimwacha, naogopa nitampoteza mke. Nikishaamua nitakuandikia.

Mwalimu Evarist, Kilosa

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Baada ya heshima hiyo, niruhusu nikukaripie.

Weka kijiko chini. Ukigonga kioo, samaki anadhani anawindwa. Wali umemchafulia maji tu, uondoe leo. Baharini kitatange hudonoa vijinyama kwenye mawe. Mwombe Cleopa akutumie kwa basi kamba na chaza waliogandishwa, wasiotiwa chumvi. Katakata vipande kama punje za mchele, vinyunyizie maji ya kitunguu saumu ili harufu imvute, vibandike kwenye lile jiwe lake, kisha ondoka. Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na toa masalio. Fabiola anayajua haya yote. Siku sita, Mwalimu, uliona haya kumwuliza mtoto wako?

Samaki anaweza kulisubiri basi, mama hawezi. Kesho mpeleke kliniki, ukaeleze kule kutetemeka. Miaka yote umeshiba ukijua yeye atakula mwisho, na hukuona tatizo mpaka samaki alipogoma. Kuanzia leo pakua wewe. Weka sahani yake mbele yake, kaa, usiguse yako, na umwambie kwamba nawe huli mpaka yeye ale. Namfahamu kwa barua yako tu, lakini najua hatakuacha na njaa.

Mambo ya Jumamosi yaache kwanza. Na utakaponiandikia, usianze na samaki. Anza na alichokula mama.