Pwani Iliyoandikwa Tupu

Quionga, Jumanne

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu nyingi, pamoja na harufu ya mwani ambayo kadi haiwezi kuibeba. Nawatafsiria Kireno wataalamu wanaopima athari za kiwanda cha gesi kwa mazingira. Wiki jana walikuja wakati wa maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, wakaandika kwamba pwani hii ni tupu. Ikibaki hivyo, itazungushiwa ua bila kuulizwa mtu. Nikawasihi wasubiri bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa.

Leo maji yametoka hadi kule ulikokatwa mguu na chaza ukakataa kulia. Mwamba umejaa wanawake wenye vijiti, wanachokoa pweza na kutaniana kama enzi zetu. Mtaalamu mkuu, binti wa Maputo, akamuuliza Bi Somoe kwa nini wiki jana hawakuwapo.

“Mjukuu wangu, wewe ulikuja kutazama maji. Sisi huja yakishaondoka!”

Wakaangua kicheko, binti naye akacheka. Kisha akalikata lile neno “tupu”, akaanza kuandika majina yao, mmoja mmoja. Zuhura, nilitamani mama angekuwa hai, aandikwe naye.

Mungu akupe afya na mavuno mema.

Kaka yako,
Sefu