Kwa Nini Sikuwahi Kumzika Mama

Dada Zuhura,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Wanao je, wote wazima? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Barua anakuletea mke wa jirani yangu, anakuja huko Tabora kwao.

Siku ya arobaini ya Mama uliniuliza mbele za watu, "Rama, miaka saba Dar, umefika wapi na huo uigizaji wako?" Leo nakujibu.

Nina daftari ninaloandika kila kazi ninayopata. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpita njia, hata sura haionekani. Wa pili nikawa mlinzi, kazi yangu kufungua geti. Wa nne nikapewa sentensi moja: "Mzee ametoka." Niliifanyia mazoezi wiki nzima. Kurasa nyingine nyingi nimeandika tu, "Wamenikataa." Mwaka huu ndipo nilipopata nafasi ya mtu mwenye jina, Mwalimu Kasimu, anayeonekana tangu mwanzo wa tamthilia hadi mwisho.

Dada, uliponipigia kusema Mama amelazwa hospitali ya Kitete na ananiulizia, zilibaki siku mbili za kurekodi. Nilimwendea mwongozaji.

"Nenda kamwone mama yako," akaniambia. "Lakini Mwalimu nitamtafuta mwingine."

Ndipo nikakwambia tiketi za treni zimekwisha. Nilikudanganya. Hata kuuliza sikwenda.

Tulipomaliza walinipigia makofi. Nikaenda stesheni na begi langu, sikumwambia mtu. Nilitaka kumshtukiza Mama. Treni iliposimama Tura, saa chache tu kabla ya Tabora, shemeji akanipigia.

"Rama, Mama alifariki alfajiri, simu yako haikupatikana. Ndiyo tunatoka kumsitiri."

"Shemeji, mimi niko Tura!"

Akasema, "Ungetuambia, tungekungoja."

Pale Kigwa wachuuzi walinyoosha karanga dirishani. Nikanunua, nikazishika mkononi hadi Tabora.

Sasa tamthilia inaonyeshwa. Mtaani wananiita Mwalimu. Naitika, halafu naingia ndani na kufunga mlango. Juzi nimeitwa kwa kazi kubwa zaidi. Nimewaambia nakwenda nyumbani kwanza, na wakimpata mwingine, wampe.

Nitashuka Tabora Ijumaa ijayo. Sikuombi unisamehe, Dada. Naomba unipeleke kaburini kwa Mama, sisi wawili tu, uniambie alisema nini alipokuwa ananiulizia. Usinipunguzie neno.

Nisalimie shemeji, ambaye hakunifokea siku ile. Nisalimie na Bi Mwanaidi, jirani yetu aliyemwosha Mama. Sijapata uso wa kumshukuru. Wanao uwabusu.

Hata usiponijibu, nakuja.

Mdogo wako aliyekudanganya,
Ramadhani