Taa Isiyogeuka Njano

Zaituni mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini goti lako limepoa na mvua haijaling'oa tena paa la banda lako. Huku Buyenzi tu wazima, ila petroli ni ya kubahatisha, ndiyo maana kila mwenye mtumbwi anazungumzia betri.

Umeniuliza kama umnunulie mwanao Hamisi betri ya lithiamu kwa taa za kuvulia, na uziuze zile za zamani za maji ya asidi. Usiuze kitu kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nilinunua moja huku mjini, mtaa wa maduka wa Asiatique. Nilipoinyanyua nilishtuka: nyepesi kama kapu la mikate. Unajua tulivyolelewa, betri nzuri hukuvunja mgongo. Nikamwuliza muuzaji, "Ndani muna kitu kweli?"

"Mzee, we unapima betri kama muchele?" Akaiunganisha na taa, akaiacha ikiwaka mchana kutwa. Nilikaa mbele yake, hata nikainama kuchungulia waya chini ya meza.

Muuzaji akacheka sana. "Tafuta, baba! Angalia na mu mifuko yangu!"

Sikuona kitu, nikanunua. Lakini moyo haukutulia.

Wiki haikuisha, nahodha wangu Bukuru akarudi asubuhi bila samaki. Alisema taa ilizimika ghafla kabla hajavuta wavu. Ndagala, hao mnaowaita dagaa, wakatawanyika, na boti la injini nusura limpande gizani. Sikumwamini. Betri haifi ghafla, nilimwambia, huchoka kidogo kidogo kama mtu. Nikajua samaki wangu wameuzwa mwalo mwingine, wanakoshushia wavuvi wengine.

"Mi nakuibia, Mzee? Apana. Iwashe hapa kwako, tukae wote, tuone."

Tukaiwasha uani baada ya sala ya alfajiri. Adhuhuri taa nyeupe. Alasiri nyeupe. Mke wangu akatuuliza kama tunalinda maiti. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie Bukuru neno zito, taa ikakatika. Haikufifia hata kidogo. Bukuru alininyooshea mkono tu, nikaushika.

Hapo nikaelewa. Betri ya maji hushuka nguvu polepole, taa ikageuka njano, na kwetu sote njano ndiyo saa: vuta wavu, rudi nyumbani. Hii mpya hutoa nguvu ileile mpaka mwisho, kisha hujifunga yenyewe isiharibike. Si mbovu, ila haiagi. Na yule muuzaji, aliyecheka sana, hilo hakulitaja. Mpaka leo simwamini.

Sasa Hamisi amejifunza kazi kwa njano. Ukimpa hii bila kumweleza, umemwacha gizani katikati ya maboti.

Basi nunua, lakini bakiza betri moja ya maji. Sisi tumeiweka nyuma ya mtumbwi na taa yake ndogo, inawashwa pamoja na ile kubwa ya lithiamu. Tuliijaribu kwanza uani mpaka tukapata taa inayogeuka njano mapema, ile kubwa ikiwa bado ina nguvu. Tangu hapo Bukuru harudi mikono mitupu.

Nisalimie mama mkwe wako, na shangazi yetu muuza vitumbua, na jirani anayekusomea barua zangu miwani ikipotea. Hamisi mwambie mjomba wake amesema hivi: njano ikitokea kule nyuma, avute wavu, hata ile nyeupe ijidai vipi.

Kaka yako,
Rajabu