Kinanda Kilichoinamia Watu

Likasi, Jumamosi usiku

Na bado mkono hauumi. Nimeukunja, nimeukunjua, nimesubiri. Hauumi.

Tangu Kwaresima kifundo cha mkono kinawaka kila baada ya Misa, na naogopa kwamba nitaacha kupiga. Kinanda cha parokia kimeinuliwa nyuma kwa ubao, vitufe vinanipandia kama kilima, na mimi nakunja mkono kuvifuata.

Leo mdogo wangu Georgette aliniomba nipige kwenye arusi kanisani kwao, kwa Wapentekoste. Chao kimeinamishwa upande wa watu, ili vidole vionekane. Mara ngapi nimeandika katika gazeti la parokia kwamba huko ni kujionyesha mbele ya Mungu?

Nikapiga. Vitufe viliteremka kutoka kwangu, kifundo kikanyooka chenyewe, na mikono ikaenda kama inaelea juu ya maji. Maharusi walikuwa wameketi zamani, mimi bado napiga.

"Yaya, mukono iko inauma?" Georgette aliniuliza mlangoni; "yaya" ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Haiume."

"Njo vile, umeona. Sasa ile gazeti yako, utaiambia nini?"

"Nyamaza, weye."

Alicheka mpaka barabarani, nami nikaondoka nimekasirika. Hoja yangu ilikuwa nzuri, na bado naona ni nzuri, ila mkono...

Nikarudi kwa kupitia parokiani. Nikautoa ubao nyuma, nikauweka mbele, upande wangu. Kesho waumini wataviona vidole vyangu na watasema. Waseme.

Kanisa lilikuwa tupu. Nilipiga mpaka nikasahau nilikuwa nimemkasirikia nani.