Akai, Treni Yako Nimeipanda Mimi

Lakini keki yenyewe ya harusi, dada Akai, haikuwa na ladha kama ulivyodhani, na hapo ndipo mtandao ulipotukata jana. Uliniuliza, "Ilikuwa na maziwa ama ni ile ya rangi tu?" nikabaki nimeshika simu nikiita haloo, haloo, huku Ewoi akinicheka. Ilikuwa ya rangi tu. Ilisafiri kutoka Kitale siku nzima, ikafika Lodwar imeegemea upande mmoja kama mlevi. Tuliikata haraka kabla haijaanguka. Nilikuwekea kipande chako. Kimekauka kama jiwe, lakini kipo, kwenye mkebe wa majani chai juu ya kabati.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya shangazi inasikika kwa spika peke yake, na kila tukizungumza nasikia nusu ya Lowarengak ikikohoa nyuma yako. Ninayotaka kukuambia si ya spika. Barua nitampa dereva wa lori la samaki. Nitaifunga kwa gundi, na nitamwambia asimpe mtu yeyote isipokuwa wewe.

Kwanza niruhusu nifurahi kidogo, maana nikifika mbele sitaweza. Nimeolewa, Akai! Naamka asubuhi namkuta Ewoi amelala mdomo wazi, alama ya miwani ya kuchomelea ingali usoni, na naona hakuna mwanamume mzuri kama huyu aliyewahi kushika chuma. Nikimpelekea chai kwenye karakana anazima mashine papo hapo. Wateja wanampigia kelele, "Fundi, maliza geti kwanza, mke hakimbii!" Naye anawajibu kwamba geti halina macho kama haya. Mimi nayeyuka. Cheka tu. Tangu shule ulisema nitaolewa na mtu wa kwanza atakayenisifu macho.

Na ni wewe uliyenipa huyu mtu. Ekseli ya baiskeli yako ya magurudumu matatu ilivunjika pale Kakuma, mbele ya kibanda cha mama wa Sudan Kusini aliyekuwa akikuuzia karanga. Tukaipakia kwenye lori, nikaifuata Lodwar kutafuta fundi, nikarudi baada ya siku mbili na baiskeli iliyopona na namba ya simu. Uliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. "Nilikutuma chuma," ukasema, "wewe umeleta mtu."

Unalikumbuka lile gazeti? Lilikuwa limefungiwa sukari nusu kilo. Ulimimina sukari, ukalinyoosha kwenye goti, ukasoma mpaka chai ikapoa. Liliandika kuhusu treni ya kwenda Mombasa, kwamba mlemavu mwenye kadi anapunguziwa nauli, na akitoa taarifa mapema kuna mhudumu wa kumsaidia kupanda na kushuka, na abiria huyo atangojwa langoni. Sisi ambao huku kwetu hatujawahi kuona hata reli moja! Ulilikata kwa wembe, ukaliweka ndani ya Biblia yako, katikati ya Zaburi. Mimi nilifurahia nauli. Ukanitikisia kichwa.

"Si nauli, Nakiru. Soma tena hapa. Atangojwa. Nani amewahi kuningoja mimi?"

Tuliishi miaka yote tukikuambia fanya haraka, gari linaondoka.

Basi ukaanza kuitafuta ile kadi, na kadi haipatikani bila kupimwa hospitalini Lodwar. Siku yenyewe uliamka ukavaa ile gauni ya kijani na shanga zote za mama. Pale steji ya Kakuma utingo akakutazama wewe, akatazama baiskeli, akaniambia kwa sauti ya kuchekesha abiria, "Dada, huyu na baiskeli yake ni watu wawili!"

Ukamjibu bila kupepesa macho, "Basi nipe viti viwili."

Watu walicheka upande wako, lakini baiskeli ilibaki. Yeye akakubeba begani kama gunia la unga, gauni ya kijani ikapanda mpaka kwenye mapaja, nami nikawa nakimbia nyuma naivuta chini. Tulipopita daraja uliinyoosha gauni magotini. Kisha ukasema, "Siku ya treni nitavaa hii hii."

Ndivyo ulivyofika hospitalini ukiwa na magongo tu, bila baiskeli. Na hapa, dada, ndipo ninapotaka ukae mahali penye kivuli.

Unakumbuka walikuingiza kwa daktari, mimi nikaachwa kwenye benchi la nje na karani. Wewe hukusikia yaliyosemwa pale. Karani alikuwa na sauti ya mhubiri na fomu ndefu. Alisema daktari anaangalia miguu, yeye anataka kujua maisha ya nyumbani, na wa kumwambia ni mtu anayeishi nawe. Akaanza kuniuliza mbele ya foleni nzima. Dada yako anaenda choo mwenyewe? Anachota maji? Akianguka anaamka peke yake? Kuna asubuhi ambazo hawezi kusimama kabisa?

Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Halafu nikamwona mjomba wa Ewoi. Alikuwa kwenye benchi hilo hilo, watu watatu kutoka kwangu, amekuja kutibiwa macho, kigoda chake cha wazee mkononi. Wiki iliyofuata ndiye angeongoza wazee wao kuja kwetu Kakuma kuniposa. Na kichwani mwangu kulikuwa na maneno ya jirani yetu aliyeniambia kisimani, "Wataulizana kama hiyo miguu ni ya damu. Wataogopa watoto wako."

Nikasema, "Anajifanyia kila kitu."

Karani akainua kichwa. "Kila kitu?"

"Ndiyo. Anatembea na magongo vizuri tu. Hahitaji mtu."

"Dada, hapa tunasema ukweli. Hatuuzi ng'ombe."

"Ndio ukweli."

Akaandika. Niliiona kalamu ikitembea, Akai. Ilichukua muda mfupi sana.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikufuta damu magotini asubuhi ukitambaa kwenda choo. Mimi ndiye niliyekukuta umeanguka kando ya jiko, umelala hapo tangu tulipoenda kanisani, umeyafunika makaa kwa majivu kwa mkono mmoja ili usiungue. Niliyajua yote kuliko daktari yeyote, na ndiyo sababu waliniuliza mimi. Ukatoka kwa daktari ukitabasamu, ukaniuliza, "Umewaambia vizuri?" Nikakuambia nimewaambia vizuri.

Majibu yalipokuja wakasema ulemavu wako ni mdogo, hauhitaji msaidizi, kadi hupati. Hali ikibadilika urudi upimwe tena. Uliisoma ile karatasi mara moja. Ukasema labda ni makosa yako, kwamba ulisimama wima kupita kiasi mbele ya daktari kwa sababu ya ile gauni. Ulijilaumu kwa kusimama! Nami nilikaa pale pembeni yako, nikakuchanganyia uji, nikanyamaza. Baada ya mwezi ukasema unaenda kwa shangazi, kwamba huko ziwani samaki ni wa kutosha na mimi nina mambo ya harusi. Sikukuzuia. Nilipumua, Akai. Mungu anisamehe, siku gari lilipokubeba nilipumua.

Sasa nikwambie kuhusu treni.

Baada ya harusi Ewoi alinificha jambo. Alisema tunaenda Nairobi kununua vyuma, kumbe ana tiketi za Mombasa mfukoni. Nilimrukia shingoni mbele za watu! Nilikuwa bibi harusi mwenye furaha kuliko wote katika jukwaa lile la stesheni, nimevaa kofia ya majani niliyoibandika ua. Hapo ndipo nikamwona mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Msichana wa sare alikuwa amesimama langoni kabla hata ya mzee kufika. Anamngoja. Wakaja mpaka mlangoni, msichana akashusha ubao wa mteremko, akainama akamuuliza, "Mzee, nikusukume ama unajisukuma?"

"Najisukuma," akasema mzee. "Wewe nishikie soda yangu."

Akapita. Hakubebwa begani. Nguo yake haikupanda. Alipita mlangoni kwa magurudumu yake mwenyewe kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na yule msichana nyuma yake ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili.

Gazeti lilisema kweli, Akai. Sukari yetu ilifungiwa ukweli mtupu.

Nililia kuanzia pale. Ewoi alidhani ni furaha, akanipangusa, akanionyesha twiga dirishani. Mwishowe nikamwambia yote, benchi, karani, mjomba. Alinisikiliza akiwa ameshika mkono wangu. Nilipomaliza aliuachia, taratibu, kama mtu anayeweka chini chuma kilicho moto.

"Mjomba?" akasema. "Mjomba anamjua Akai tangu zamani. Alimwona karakanani baiskeli ilipoharibika mara ya pili, Akai alipokuja kuichukua mwenyewe. Humwita shemeji wa magurudumu."

"Kabla hatujaja kwenu nilimuuliza kama ana neno," Ewoi akaendelea. "Akaniambia, sisi tunaenda kuhesabu mbuzi, hatuendi kuhesabu miguu ya watu."

Akageukia dirishani. Nchi ilikuwa inapita, nyekundu, halafu ya kijani, na mume wangu wa siku tisa hakunitazama wala hakuniita jina mpaka tulipoanza kusikia harufu ya bahari. Tuliposhuka alisema neno moja tu juu ya jambo hilo. "Utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia kwa hilo."

Kwa hiyo niliiona bahari, dada, ile uliyosema utaingia ndani yake mpaka shingoni kwa sababu majini miguu haiulizwi kitu. Niliingia mpaka vifundoni nikatoka. Kila mtu alinipongeza kwa ndoa. Nilitabasamu kwenye picha zote. Ukiziona utadhani ni mtu mwingine.

Jana, kabla hujashika simu, nilizungumza na shangazi. Ameniambia usiyoniambia. Kwamba mchanga wa huko unameza magurudumu, baiskeli imekaa nje ya boma tangu ufike, na mbuzi wanalala kivulini mwake. Kwamba unatambaa kila mahali sasa, na goti la kushoto lina kidonda kisichokauka, na unakifunika kwa leso mtu akija. Kwamba gazeti umelitoa kwenye Biblia ukawashia moto. Halafu akakupa simu, nawe ukaniita "bibi harusi!" kwa sauti ile ile, ukaniuliza habari za keki.

Ungenitukana ingekuwa rahisi. Nampenda Ewoi mpaka inauma, na sasa siwezi kumpenda bila kuona ile kalamu ikitembea. Nilidhani naulinda mlango wa nyumba yangu. Hakuna aliyekuwa anaupiga. Nilikuzuia kupita bure, kwa hofu ya mzee ambaye alikuwa ameshakupa jina la shemeji.

Nimekwenda hospitalini. Karani ni yule yule, sauti ni ile ile. Nilimwambia mbele ya foleni, kwa sauti inayolingana na yake, kwamba mara ile nilisema uongo. Foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja akafyonza, akanihama, akakaa benchi jingine. Karani akakuna shingo, akasema hafuti fomu kwa maneno yangu, lazima wewe mwenyewe uje upimwe upya, na mwisho wa mwezi huu daktari wa kupima atakuwepo. Hakuniahidi chochote. Nami siwezi kukuahidi chochote. Huenda wakasema hapana tena, huenda kidonda hicho kitataka kutibiwa kabla ya kadi. Lakini safari hii nitasema yote. Choo, magoti, majivu ya jiko, yote, hata ukiona aibu, hata ukinifinya.

Ewoi anatengeneza magurudumu mapana ya matairi ya pikipiki, ya kutembea kwenye mchanga. Hasemi sana nami akiyatengeneza. Jana alinituma nipime upana wa mlango wa nyumba yetu, na leo amekata fremu ya mlango na kuipanua. Sikumuuliza. Nilimshikia tu taa.

Nakuja, Akai. Nitakuja Lowarengak kabla mwezi huu haujaisha, kwa gari la kukodi lenye nafasi yako na ya baiskeli, viti viwili kama ulivyomwambia utingo. Utakuwa umeshaisoma barua hii. Ukikataa kuniona nitaelewa, mwambie shangazi anifungie. Nitakaa nje ya boma pale mbuzi wanapolala, na nitakungoja mpaka utoke, hata ukichelewa kiasi gani. Sitakuambia fanya haraka.

Ni mimi mdogo wako, niliyeulizwa habari zako nikajibu zangu,

Nakiru